Vialama Viwili Juu ya U

Sipendi watu wanaojua mawazo ya Mungu. Nimeishi nao, nimekunywa chai yao, mmoja wao tumezaliwa tumbo moja, na kila wakianza kueleza nani ameokolewa na nani ameachwa, mikono huniwasha. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana mpole. Ninayoyasimulia yalitokea nyumbani kwetu, juu ya mji wa Nyeri kule mashamba ya majani chai yanapokutana na msitu, na sehemu kubwa ya ubaya uliomo ni yangu mimi.

Tulizaliwa watatu. Mimi ndiye wa kwanza. Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa mjini Nyeri, na wanafunzi wananijua kwa kalamu nyekundu. Sisomi kitu bila kukisahihisha. Nikipewa kadi ya harusi naona makosa kabla sijaona tarehe. Wa pili ni dada yangu, aliyeolewa na mchungaji wa kanisa la hema huko Kutus, na ambaye kwa sauti anaweza kulihubiria soko zima la nyanya bila kipaza sauti. Wa tatu alikuwa ndugu yetu mdogo. Yeye ni marehemu, na kisa ni chake.

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babake baba, na wa pili jina la babake mama. Kwa hiyo mimi nilizaliwa nikiwa baba mkwe wa Mama, na ndugu yangu akazaliwa akiwa baba yake. Mtu wa nje ataona ni mchezo wa majina. Si mchezo. Mama alimwita ndugu yangu "Baba" tangu siku ile aliyomzaa. Akimlisha uji alisema, "Baba, fungua mdomo." Akimchapa alisema, "Baba, utaniua." Mimi alinipa heshima. Mkwe hupewa kiti, hupewa nyama nzuri, husalimiwa vizuri, lakini mkwe habebwi mgongoni. Nilikuwa wa kwanza darasani, nilikama ng'ombe kabla ya kwenda shule, nilichanja kuni, na jioni Mama aliuliza, "Baba amekula?" Nilipokuja kusikia kanisani habari za wale mapacha wa Maandiko, mdogo akapendwa na mkubwa akachukiwa kabla hawajatenda jema wala baya, sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilikuwa nimekulia humo.

Ndugu yangu alikuwa na mikono mizuri. Alipika Nanyuki, katika hoteli ambayo wanajeshi wa kigeni huja kunywa wakitoka mazoezini, na wageni walikuwa wakimwita jikoni atoke wamwone. Kisha pombe ikamshika. Alianza na iliyobaki kwenye glasi za wageni, akamalizia na ile ya chupa ndogo ambayo hakuna mgeni angeigusa. La kuvunda halina ubani. Siku ya kumzika mzee wetu alikuja amelewa, akataka kutupa udongo kama wengine, mguu ukateleza, akaanguka kaburini juu ya jeneza. Watu wa kwetu husimulia mpaka leo. Mimi niligeuka nikatazama mashamba. Mama, mjane wa siku nne, alipiga magoti pale ukingoni, akanyoosha mkono, akamwambia, "Njoo, Baba. Pole pole." Siku hiyo nilimchukia ndugu yangu. Sitafuti neno la upole.

Sasa niwaeleze hao wajuzi wa Mungu. Dada yangu anaamini wokovu ni hiari ya mtu: Mungu ameandaa chakula mezani, kula au kutokula ni shauri lako. Ndugu yetu alikula mara saba. Kila mkutano wa injili uliopigwa Kutus, dada alituma watu wamlete kutoka Nanyuki, akapandishwa jukwaani, akalia, akavishwa shati jipya, na picha ikarushwa kwenye kikundi cha familia kwenye simu: "Amemchagua Yesu!" Baada ya majuma mawili au matatu shati lile lilionekana Nanyuki, limelala mtaroni na mwenyewe akiwa ndani. Mara ya saba nilimwandikia dada nikamwuliza kama anaokoa mtu au anauza nguo. Alinitoa kwenye kikundi kwa siku tisa.

Mama yeye ni wa kanisa la mawe, lile la zamani la mjini, na mimi huenda kwa sababu lazima mtu ampeleke. Miaka michache iliyopita tuliletewa mchungaji kijana kutoka Machakos, amesoma, ana miwani, hapazi sauti hata akikemea. Huyu anaamini kinyume cha dada. Anafundisha kwamba Mungu aliwateua watu wake kabla ya kuumba ulimwengu, na mtu hawezi kujiongeza kwenye orodha wala kujifuta. Alituhubiria hayo miezi mitatu mfululizo. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali, kwa kuwa kila mmoja alijiona yumo. Sikumwona hata mmoja aliyetoka nje akiwa na wasiwasi. Uteule ni mtamu sana ukiwa wako.

Ndugu yangu alipovimba miguu na macho yakawa ya manjano, alirudishwa nyumbani, na Mama akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Dada akaja kutoka Kutus, simu mkononi. Alitaka sala ya toba, na alitaka kuirekodi, kwa sababu watu wa hema walikuwa wamefunga kwa ajili yake na wangependa kuona.

"Sema baada yangu," akamwambia. "Bwana Yesu."

Ndugu yangu akafumba mdomo.

"Ni maneno kidogo tu. Hata ukitingisha kichwa ni sawa."

Akageuza macho akanitazama mimi niliyesimama mlangoni. "Mwambie azime hiyo kitu," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake, na sikumwambia dada azime. Nilijiambia kwamba aliyapanda, acha ayavune. Alikufa kesho yake asubuhi, Mama akiwa peke yake naye. Mama anasema midomo yake ilisogea kama ya mtu anayeomba. Dada anasema midomo ya mtu anayekata roho husogea yenyewe.

Siku ya tatu ya matanga mchungaji alikuja kupanga mazishi. Tulikaa sebuleni kwa Mama, yeye na dada na mimi, chai mbele yetu, na wanawake wa jirani wakipika nje. Kwa sababu mchungaji hajui Kikuyu, tuliongea Kiswahili. Mama aliomba kitu kimoja: kwamba wakati wa mahubiri isemwe mwanawe amelala katika Bwana. Watu wengi wasiokuwa na maana wamesemewa hivyo, wengine wezi, na hakuna aliyekufa kwa kusikia. Lakini dada yangu akaweka kikombe chini.

"Hapana, mchungaji. Tusidanganye watu. Alipewa nafasi mara saba, na Mungu hamshiki mtu shati. Alichagua chupa mwenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hapo umenena," mchungaji akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Sikio la kufa. Kama ni la kufa, litasikiaje? Mtu aliyekufa dhambini ni maiti, na maiti haichagui jeneza. Ni Mungu anachagua."

"Basi mahubiri ni ya nini? Si tufunge kanisa twende tupalilie majani chai?"

"Ni ya wateule wasikie waje."

"Na huyu wetu?"

"Huyu hatujui. Kwa matunda yake, ni ngumu kusema. Kanisa haliwezi kutia sahihi mahali halijaona."

Methali ile moja ilitumiwa na wote wawili, huyu kumfunga ndugu yangu kwa kutotaka na yule kumfunga kwa kutoweza, na jeneza lake lilikuwa bado kwa fundi. Waliendelea hivyo karibu saa nzima. Dada alitaja mlango unaobishwa, mchungaji akataja mfinyanzi na udongo wake. Wote wawili walikuwa wanafurahia. Niliwaona. Dada alikuwa amevuta kiti mbele, mashavu yamewaka, na mchungaji alikuwa amevua miwani ili asizuiwe na kitu. Jirani mmoja, ambaye kama wengi wetu l yake hugeuka r, akachungulia mlangoni, mwiko mkononi.

"Mmeongea mpaka chakura imepoa. Kujeni mkure!"

"Mnaona?" mchungaji akasema akicheka. "Hata huku nje ni kura tu. Ni uchaguzi kila mahali."

Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili ili kisiruke. Hapo ndipo Mama, aliyekuwa ameketi kando akikunja na kukunjua leso, alipofungua mdomo.

"Nyinyi wawili mko na Mungu yenu, kila mtu na yake. Mimi niko na swali moja. Kijana yangu iko wapi?"

Dada alitazama zulia. Mchungaji akavaa miwani.

"Mama, hiyo ni siri ya Mungu," akasema.

"Ati siri." Mama alisimama kwa kushika meza. "Mimi ndio nilimzaa. Mimi sifichwi."

Akatoka kwenda kukaa na wapishi. Siku ya mazishi mchungaji alihubiri juu ya uvumilivu, dada akaimba wimbo wa shangwe uliokuwa kama kumzomea mtu, na hakuna aliyesema ndugu yangu yuko wapi. Tulimfunika, tukapigilia msalaba wa mbao wenye jina na miaka, tukanawa mikono, tukala.

Mama hakusahau. Miezi ilipita, kaburi likatulia, wakati wa kulijengea na kuliwekea jiwe ukafika. Akaniita, akanikalisha kwenye kile kiti cha mkwe.

"Wewe ndio unajua maandishi," akaniambia kwa Kikuyu. "Jiwe ni langu, na mtu asiniambie la kuandika. Andika: Athuurirwo nĩ Ngai."

Maana yake ni kwamba aliteuliwa na Mungu. Mama alikuwa ameyasikia ya wale wawili, akayapima, kisha akajichukulia neno lililokuwa tamu kuliko yote na kumpa mwanawe. Dada alipiga simu akasema ni kufuru, mtu asiyemchagua Mungu hawezi kuandikwa hivyo. Mchungaji alisema kwa upole kwamba ni ujasiri kupita kiasi, maana hakuna aliyeiona orodha. Mama aliwajibu wote kwamba waende wakaandike makaburi yao.

Hapa lazima nieleze jambo la lugha, mnivumilie, ni kazi yangu. Katika Kikuyu, kuthuura ni kuchagua. Hata mzee tunamwita kwa neno hilohilo, mtu mwenye kuchagua. Lakini tuna u mbili. Moja ni ya kawaida, kama ya Kiswahili. Nyingine huandikwa na kialama kama kiwimbi juu yake, nayo hutamkwa mdomo ukiwa umelegea, karibu na o. Ukiweka kialama hicho kwenye kuthuura, neno linakuwa kuchukia. Athuurirwo ni mtu aliyeteuliwa. Athũũrirwo ni mtu aliyechukiwa. Mtoto wa kwetu wa miaka mitatu hawezi kuyachanganya kwa mdomo. Kwa kalamu, watu wazima huyachanganya kila siku, kwa sababu simu na kompyuta nyingi za mjini hazina vialama hivyo na watu wameacha kuviandika.

Mimi sijaacha. Nimepiga kelele kuhusu jambo hilo katika mazishi ya watu, vijitabu vya marehemu mkononi. Basi nilichapisha maneno ya Mama kwenye duka la kompyuta, yakatoka bila vialama kama nilivyotarajia, nikasimama pale kaunta nikatoa kalamu nyekundu nikasahihisha. Kulikuwa na mahali pamoja tu palipohitaji kialama, kwenye nĩ. Nikakunja karatasi nikaipeleka Majengo, kwa fundi wa mawe aliye nyuma ya msikiti, mtu wa kutoka Kakamega, mtulivu, ambaye hukata mawe huku redio ikiwa imewashwa kwa chini. Nilimwambia akate kama ilivyo, asipunguze hata nukta. Nakumbuka nilimwambia hivyo kwa sauti ya darasani.

Jiwe lilizinduliwa Jumamosi asubuhi. Lilikuwa limeletwa jana yake limefungwa kwa gunia, tukalisimamisha tukalifunika kwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyelitazama sana. Watu wa kanisa la mawe walikuja, watu wa hema wakaja na dada, majirani wakaja kwa sababu ya pilau. Mama alivaa koti lake la kanisani na kofia ya sufu. Aliomba mchungaji afunue na asome, kwa sababu alitaka kanisa ndilo liseme kwa mdomo wake yale lililokataa kusema siku ya mazishi. Huyo ndiye Mama.

Mchungaji hajui Kikuyu, nimeshasema. Lakini ni Mkamba, na Kikamba nacho huandikwa kwa vialama hivyohivyo. Mtu mwingine wa kutoka nje angesoma ovyo na tusingejua. Yeye alivuta kitambaa, akarekebisha miwani, akasoma jina, akasoma miaka, kisha kwa sauti ya madhabahuni, wazi, kila irabu mahali pake, akasoma:

"Athũũrirwo nĩ Ngai."

Amechukiwa na Mungu.

Mwanamke mmoja aliguna. Mwingine akajifunika mdomo kwa leso. Nililitazama jiwe nikaviona, viwimbi viwili vimekatwa vizuri juu ya zile u mbili, safi, kazi ya fundi asiyeharakisha. Mchungaji aliona nyuso zetu, akatutazama mmoja mmoja, hakuelewa ametukana nani.

Mama hakutikisika. "Mchungaji," akasema kwa Kiswahili, "macho yako ni mbaya. Haijaandikwa hivyo. Ni Athuurirwo. Soma tena."

"Lakini Mama, hapa juu iko na..."

"Soma tena."

Akasoma tena, kama Mama alivyomtamkia. "Amina," Mama akasema, na watu wakaitikia kwa nguvu kuliko walivyowahi kuitikia kanisani, maana kila mmoja alikuwa na haraka ya kusaidia.

Nyuma ya nyumba, karibu na zizi, dada alinikamata mkono. Mchungaji alikuwa amenifuata pia, na mtu alikuwa ameshamweleza maana.

"Huo ni Mungu," dada akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Sisi tulinyamaza, jiwe likasema. Mungu alishika mkono wa mtu akaandika ukweli."

"Usimsingizie Mungu," mchungaji akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hilo ni kosa la binadamu. Mwalimu, ungeangalia kabla ya kupeleka. Mtu ana wajibu wake. Ulikuwa na uwezo wa kuangalia!"

Niliwatazama nikaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mbwa. Yule wa hiari alikuwa sasa ananiambia mkono wangu ulishikwa. Yule wa uteule alikuwa ananiambia nilikuwa na uwezo. Niliwaambia wamebadilishana makoti kwa sababu ya mvua kidogo tu, na kwamba kama Mungu wao anafanana nao basi ndugu yangu alifanya vizuri kufumba mdomo. Nikawaacha hapo, nikaingia garini nikateremka Majengo.

Nilimfokea fundi kabla sijafunga mlango wa gari. Nilimwambia ameharibu jina la marehemu, ameaibisha mama mzee mbele ya watu, na mengine ambayo mwalimu hapaswi kusema karibu na msikiti. Aliniacha nimalize. Akazima redio, akapangusa mikono, akatoa karatasi iliyokuwa imekandamizwa chini ya patasi.

"Mwalimu, mimi nakata vile naona," akasema. "Hapa uliweka hivi vitu vitatu. Mimi nikaweka tatu. Wewe ndio uliniambia nisipunguze."

Ilikuwa karatasi yangu na wino wangu mwekundu. Kialama cha nĩ kilikuwa chepesi, mguso tu wa kalamu. Vile viwili vya u vilikuwa vimekazwa mpaka karatasi imetoboka kidogo. Nimesahihisha maandishi kwa miaka mingi. Najua mkono unaoteleza unaacha alama gani, na najua mkono uliokasirika unaacha alama gani. Nilimwomba fundi msamaha. Alisema hakuna neno, akawasha redio.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama peke yake jikoni, wageni wamekwenda. Nilimwekea karatasi mbele yake. Alijifunza kusoma kwa Kikuyu cha wamisionari, vialama na yote, na hakuhitaji miwani kuona palipotoboka.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Sijui, Mama."

"Mkono ni wa nani?"

"Ni wangu. Lakini sijui kama nilitaka. Pengine ni mazoea tu. Pengine kuna kitu kilicho..."

"Ni wako," akasema. "Basi usiniletee Mungu hapo."

Alikunja ile karatasi akaitia motoni, akaisukuma kwa kijiti mpaka ikaisha.

"Ulimchukia," akasema.

"Ndiyo."

"Alijua. Na kila akija kutoka Nanyuki alikuwa anauliza habari zako kwanza, kabla ya kuuliza chakula." Alisogeza sufuria. "Mimi sikumchagua Baba kwa sababu ni mzuri. Nilimchagua kwa sababu ningemwacha angeokotwa na nani? Wewe kila mtu alikuwa anakutaka."

Ningependa kusema maneno hayo yaliniponya. Yalinikasirisha. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, na nilikuwa naambiwa kwamba nilikosa kubebwa kwa sababu nilijua kutembea. Nililia palepale jikoni, na nililia kwa hasira.

Nilimwambia nitaagiza jiwe jipya. Akakataa. Jiwe halitolewi kaburini kama jino, alisema. Nililoandika kwa mkono wangu nitalifuta kwa mkono wangu. Kesho yake baada ya kanisa nilikoroga simenti nyeupe kidogo na vumbi la jiwe ambalo fundi alinipa kwenye gazeti, nikapiga magoti juu ya ndugu yangu, nikajaza vile viwimbi kwa kijiti cha kiberiti. Mama aliketi kwenye stuli akinisimamia. Nilipomaliza nilisugua kwa msasa mpaka kidole kisisikie kitu. Akaja akapitisha kidole chake mwenyewe, mara mbili, akaridhika. Ilikuwa Septemba, jua kali, na neno lilikuwa Athuurirwo.

Kisha mvua za vuli zikaja. Hakuna aliyenieleza kwamba simenti hunywa maji kuliko jiwe. Mvua ikinyesha jiwe lote hulowa, lakini likianza kukauka, vile viwili hubaki nyuma, vyeusi, wazi kuliko siku ya uzinduzi, na kwa nusu saa au zaidi ndugu yangu amechukiwa na Mungu mbele ya yeyote anayepita njiani. Fundi anasema hakuna dawa. Dada alikiona kitu hicho alipokuja, akapiga picha, na mpaka leo hatusemezani. Mchungaji naye amekiona. Alisimama pale muda mrefu, akasema hajui aseme nini, na hilo ndilo neno pekee la dini ambalo nimewahi kulipokea kutoka kwake bila kukunja uso.

Kwa hiyo majira ya mvua, nikitoka shuleni, napanda nyumbani. Nina kitambaa kwenye gari, kile cheupe tulichofunikia jiwe. Nachuchumaa nasugua zile u mbili, napuliza kwa mdomo kama mtu anayewasha jiko la mkaa, nasugua tena. Naongea naye kidogo. Mengine ni matusi. Mama hawezi tena kuteremka mpaka kaburini mvua ikinyesha, magoti yamekataa, na huningoja mlangoni pa jikoni.

"Limekauka?" huuliza.

Mara nyingi bado, maana giza huniwahi. "Limekauka, Mama," namwambia. Uongo huo simsingizii Mungu wala mkono. Nauchagua mwenyewe.